Mbio za Baisikeli za Siku Nyingi, na Hesabu Yake

Kaka yangu ameshinda Jumapili tatu kati ya nne, na bado ni wa pili. Jambo hili limeleta maneno mengi nyumbani kwetu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika saa, lawama zote zimenielekea mimi. Baba amesema haiwezekani. Kaka amesema ni hila. Mama alicheka, lakini naye aliuliza swali lile lile: "Mwanangu, mtu aliyetangulia mara tatu atakuwaje nyuma ya mtu ambaye hakutangulia hata mara moja?" Basi nimeona yafaa niandike habari hii katika gazeti letu la shule, ili wazazi waisome, na wanafunzi wenzangu waniambie kama nimekosea hesabu.

Kaka yangu huchukua samaki kwa baisikeli. Huondoka alfajiri, akafika mwaloni Nkome, akapakia tenga lake juu ya karia, akarudi kuuza Geita mjini na vijiji vya njiani. Baisikeli yake ni Phoenix, ile ya fremu nyeusi ambayo kila mtu wa Usukuma aijua. Ameiendesha tangu alipoacha shule, na sijapata kuona mtu wa mtaani kwetu aliyempita katika tambarare. Wenzake pia wajua hivyo, na yeye mwenyewe ajua zaidi kuliko wote.

Mashindano yetu yalianzishwa na maneno ya mjomba. Mjomba ni dereva wa lori, naye hupeleka mizigo Kigali kwa njia ya Rusumo. Jioni moja alitusimulia kwamba katika nchi ya Rwanda kuna mbio za baisikeli ambazo haziishi siku moja. Watu huondoka mji mmoja wakalala mji mwingine, na asubuhi huamka wakaanza tena, hata siku nane. Alisimamishwa na askari kando ya barabara pamoja na malori mengine, akawaona wakipita kama kundi la ndege, na katikati yao yumo mmoja aliyevaa fulana ya manjano. Akamwuliza mwenyeji mmoja, "Yule wa manjano ndiye aliyeshinda jana?" Akajibiwa, "La, jana alikuwa wa tisa." Mjomba hakuelewa, nasi hatukuelewa, lakini kaka alipenda sana. Kesho yake alikwenda sokoni akakusanya wenzake wanne: fundi wa redio, kijana mmoja afanyaye kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, mwalimu wa shule ya msingi, na muuza mkaa. Wakapatana kushindana Jumapili tano, kila Jumapili njia yake. Nikawauliza, "Mshindi atajulikanaje?" Wakasema, "Fanya kama Rwanda." Nadhani kila mmoja alikubali upesi kwa sababu kila mmoja alijiona ndiye mshindi.

Na hapa sina budi kueleza jambo moja ili msomaji asiseme nimelificha. Baba ana mtamba mmoja mwekundu. Kaka amemwomba kwa muda mrefu amwuze, ili anunue baisikeli ya mashindano yenye gia. Baba alisema, "Ukiwa wa kwanza baada ya Jumapili tano, mtamba atakwenda mnadani." Lakini mtamba yule alikuwa amekwisha tajwa kwa ajili yangu. Mimi nipo Kidato cha Nne, na kama nikifaulu kwenda Kidato cha Tano, yeye ndiye godoro langu, sanduku langu na nauli yangu. Ndiyo kusema mshika saa naye ana shauri katika saa anayoishika. Nilimwambia baba anitafutie mtu mwingine. Akasema hakuna mwingine anayeweza kujumlisha dakika na sekunde bila kukosea.

Sasa nieleze zile mbio. Zaitwa Tour du Rwanda, yaani mbio za kuzunguka Rwanda. Zilianza mwaka 1988 kama mashindano ya watu wa karibu, na tangu mwaka 2009 zimo katika orodha ya chama cha baisikeli cha dunia, kiitwacho UCI kwa kifupi. Mwaka 2019 zilipandishwa daraja, ndipo timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja. Rwanda ni nchi ya vilima elfu, kama wenyewe wasemavyo, wala si neno la kujisifu tu. Mtu akitoka Kigali kwenda Musanze, au akipita juu ya ziwa Kivu toka Karongi hadi Rubavu, barabara yapanda na kushuka na kupinda kutwa nzima. Mji wa Kigali wenyewe u juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ndani yake mna mlima mmoja mfupi wa mawe, mahali paitwapo Kwa Mutwe, ambao wageni wameuita Ukuta wa Kigali.

Mshindi wa mwaka 2009 alikuwa Adil Jelloul wa Morocco. Mwaka 2010 alishinda Daniel Teklehaimanot wa Eritrea. Wanyarwanda walisimama kando ya barabara wakiwashangilia wageni miaka mitano, mpaka mwaka 2014 alipotokea kijana wao Valens Ndayisenga, mwenye umri wa miaka 20, akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda tangu mbio hizo zilipokuwa za kimataifa. Akashinda tena mwaka 2016. Jean Bosco Nsengimana alishinda mwaka 2015, Joseph Areruya mwaka 2017, na Samuel Mugisha mwaka 2018. Timu kubwa zilipokuja mambo yakawa magumu kwa wenyeji. Tangu mwaka 2019 hata 2025 washindi wametoka Eritrea, Hispania, Uingereza na Ufaransa. Waeritrea hasa ni watu wa kuogopwa katika mchezo huu. Nao pia nchi yao ni ya milima.

Hesabu yake ni hii. Kila siku ya mashindano huwa na mshindi wake, naye hupewa zawadi na kupigiwa makofi. Lakini nyuma ya mshindi wa siku kuna saa. Kila mpandaji huandikiwa muda aliotumia tangu kuanza hata kufika, na kesho yake muda wa siku ya pili hujumlishwa na ule wa kwanza, na kadhalika mpaka siku ya mwisho. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye huvaa fulana ya manjano. Hakuna anayehesabu umetangulia mara ngapi. Wanahesabu umekaa barabarani muda gani.

Watu wakifika katika kundi moja, hata kama ni hamsini, wote huandikiwa muda mmoja. Kwa hiyo aliye wa kwanza katika kundi na aliye wa arobaini hawapishani hata sekunde moja, isipokuwa pale wasimamizi wanapotoa sekunde chache za zawadi kwa watatu wa kwanza. Kwa sababu hiyo yule wa manjano aliyeonwa na mjomba aliweza kuwa wa tisa jana bila kupoteza kitu. Na mwenye kuchelewa kupita kiasi kilichowekwa siku hiyo huondolewa katika mashindano, hata kama jana alishinda.

Nilipomweleza kaka hivi alisema, "Hayo ni ya Rwanda tu." Basi nikamtafutia ya Ufaransa, maana mbio za kuzunguka Ufaransa, Tour de France, ndizo kubwa kuliko zote, nazo huchukua siku 21 za kupanda katika majuma matatu. Mwaka 2017 alishinda Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mchezo huu katika nchi ya Kenya. Katika siku zote zile 21 hakushinda hata siku moja. Aliyemfuata alikuwa Rigoberto Urán wa Kolombia, ambaye alishinda siku moja, na bado akawa wa pili kwa sekunde 54. Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda siku tatu katika mbio hizo hizo, akavaa fulana ya kijani ambayo hupewa wenye kasi ya kumalizia. Afrika nzima ilifurahi, nasi tulifurahi. Lakini fulana ya manjano hakuwa karibu nayo, kwa sababu siku za milimani alikuwa nyuma sana, na hakuna aliyemlaumu, maana kazi yake si milima.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sekunde 54 katika majuma matatu?" Nikamwambia mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu, baada ya zaidi ya kilomita 3,200. Baba akahesabu nane kwa vidole, polepole, akanyamaza.

Lakini kwa nini milima ndiyo iamue? Jambo hili lilinisumbua mpaka mwalimu wetu wa fizikia aliponisaidia. Katika tambarare adui wa mpandaji ni upepo. Hata siku isiyo na upepo, mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na kuusukuma. Sasa mtu akijibanza nyuma ya mwenzake, karibu na gurudumu lake, yule wa mbele humkatia upepo, na yule wa nyuma aweza kuokoa theluthi moja ya nguvu zake au karibu na hapo. Kwa sababu hiyo husafiri kundi kundi, na kwa sababu hiyo katika tambarare ni vigumu mtu mmoja kukimbia peke yake hata kama ana nguvu za simba. Kundi nyuma yake hupokezana kukata upepo, na yeye hana wa kumpokea.

Mlimani mambo hugeuka. Mwendo ukipungua mpaka kilomita 15 kwa saa, upepo hauna maana kubwa tena. Adui sasa ni uzito. Mgongo wa mwenzako hauwezi kukubebea uzito wako. Kila mtu hubaki peke yake na miguu yake.

Mwalimu alinionyesha hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Pili aweza kuifanya. Tuseme mtu ana kilo 60 na baisikeli ya mashindano ina kilo 7 (sheria ya UCI hairuhusu iwe chini ya kilo 6.8). Jumla ni kilo 67. Apande mlima wenye kimo cha mita 400. Kazi yake ni 67 mara 9.8 mara 400, yaani juli 262,640. Akiwa na nguvu ya wati 300, ambayo ni nguvu ya mtu hodari sana, atatumia sekunde 875, yaani dakika 14 na sekunde 35. Sasa mtu huyo huyo mpe baisikeli ya kilo 20 kama zetu. Jumla ni kilo 80, na mlima ule ule utamchukua dakika 17 na sekunde 25. Mpakilie tenga la samaki la kilo 50, atafika baada ya dakika 28. Kweli, nimeacha upepo na msuguano wa tairi, nao ungeongeza muda kidogo kwa wote, lakini tofauti hubaki.

Kwa hiyo kaka hakosei anapotaka baisikeli nyepesi. Katika mlima mmoja tu baisikeli ile ingemwokolea karibu dakika tatu, wala sikumficha baba jambo hili, ingawa lilinichoma kulitamka. Baba akasema, "Dakika tatu kwa mtamba mzima?" Kaka akamjibu kwamba kuna watu ambao maisha yao yamebadilika kwa sekunde nane. Sikuwa nimetegemea ayatumie maneno yangu upesi namna ile.

Ukipenda kuona milima inavyoweza kuzaa wapandaji, hapana budi uitazame nchi ya Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Milima ya Andes inapofika huko hugawanyika mistari mitatu, na miji mingi mikubwa iko juu yake au katika mabonde yaliyo kati yake. Mwaka 1950 watu walipofikiri kuanzisha mbio za kuzunguka nchi, wengine walisema hazitawezekana, kwa kuwa barabara zilikuwa za udongo na milima ni mirefu mno. Kijana mmoja, Efraín Forero, alichukua baisikeli yake akaenda kujaribu njia ya juu kabisa, ile ipandayo Letras kuelekea Manizales, ambayo kilele chake kiko karibu na mita 3,700. Alifika. Mwaka 1951 mbio zikaanza, ziitwazo Vuelta a Colombia, na mshindi wa kwanza akawa yeye Forero.

Mpando wa Letras, ukianzia bondeni, ni wa kilomita 80 hivi. Ndugu msomaji, fikiri umeanza kupanda mlima asubuhi na mchana ungali unapanda mlima ule ule. Tena huko juu hewa ni nyembamba. Katika mita 2,600, kimo ambacho ni cha mji mkuu wao Bogotá, hewa ya kuvuta ni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na pwani. Anayezaliwa na kukulia hapo damu yake huzoea kubeba hewa ile kidogo kwa uangalifu, naye akishuka kushindana na watu wa chini huwa na akiba ambayo wao hawana.

Watoto wa wakulima wa huko ndio walioufanya mchezo huu kuwa wao. Luis Herrera alikuwa mtunza maua. Mwaka 1984 aliwashinda Wazungu katika mlima wa Alpe d'Huez katika mbio za Ufaransa, na mwaka 1987 akashinda mbio za kuzunguka Hispania, mtu wa kwanza wa Amerika ya Kusini kufanya hivyo. Nairo Quintana alishinda mbio za Italia mwaka 2014. Egan Bernal, mwenye umri wa miaka 22, alishinda mbio za Ufaransa mwaka 2019, na yeye pia hakuandikiwa ushindi wa siku hata moja. Yule Urán niliyemtaja juu, aliyeshindwa kwa sekunde 54, baba yake aliuawa na watu wenye silaha mwaka 2001, na yeye, akiwa kijana wa miaka 14, akashika kazi ya baba yake ya kuuza tikiti za bahati nasibu ili kuisaidia familia, huku akiendelea kupanda baisikeli.

Nasi tunaye mfano wa namna hiyo jirani. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya mwaka 1994. Mwaka 2012 alikwenda Olimpiki ya London kushindana kwa baisikeli ya milimani. Nimesoma habari zake mara nyingi, na kila mara nasahau kuangalia alikuwa wa ngapi.

Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mjomba alikuwa huko na lori lake limekwama, barabara zimefungwa, naye hakunung'unika. Yale yalikuwa ya siku moja, si ya siku nyingi, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi: aliyetangulia ndiye bingwa. Lakini vilima vilifanya kazi yao. Wanaume walikwenda kilomita 267, na kati ya zaidi ya watu 160 walioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake wote akaenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho. Kaka alipoona haya katika televisheni Katoro alirudi akasema, "Umemwona? Hakujificha mgongoni mwa mtu." Nadhani siku ile ndiyo iliyomharibia Jumapili ya tatu.

Jumapili ya kwanza walikwenda njia ya Katoro na kurudi. Kaka alimtangulia fundi wa redio kwa sekunde 20. Jumapili ya pili, njia ya Nzera, alimtangulia kwa sekunde 15. Fundi huyo ni mtu mwembamba, mpole, na kila mara alipanda nyuma ya kaka, gurudumu lake la mbele likikaribia kugusa la nyuma la kaka. Watu sokoni walimcheka. Walisema amebebwa kama mtoto mgongoni. Kaka naye alijivuna kwamba amembeba.

Jumapili ya tatu tulichagua njia ya vilima, upande wa Nyarugusu. Jua lilikuwa kali. Kaka alitoka mbio tangu mwanzo, peke yake, kama alivyomwona yule bingwa. Hakuchukua maji kwa sababu chupa ni mzigo. Kilima cha kwanza alikuwa mbele kwa mbali, cha pili bado yu mbele. Katika cha tatu miguu ilikataa. Wenzake wanasema alishuka akasukuma baisikeli, mtu ambaye sijapata kumwona akisukuma hata akiwa na tenga. Siku hiyo alishinda yule kijana wa machimbo, ambaye siku nyingine alikuwa mbali nyuma kwa sababu hutoka zamu ya usiku. Fundi alikuwa wa pili. Kaka alifika wa nne, dakika 1 na sekunde 50 nyuma ya fundi, midomo imekauka, wala hakusema na mtu.

Jumapili ya nne alirudi na hasira akamtangulia fundi kwa sekunde 34. Watu walimbeba juu. Nami nikafungua daftari langu. Sekunde 20 na 15 na 34 ni sekunde 69, hizo ndizo alizozipata kwa kushinda mara tatu. Alizozipoteza Nyarugusu ni 110. Toa 69 katika 110, zabaki 41. Kaka ni wa pili kwa sekunde 41, nyuma ya mtu ambaye hakushinda hata siku moja.

Hapo ndipo zilipoanza kelele nilizozitaja mwanzoni. Kaka alisema kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya godoro langu. Neno hilo liliniuma sana, kwa sababu ni kweli kwamba nilipoona namba 41 moyo wangu ulifurahi kabla sijapata nafasi ya kuukataza. Nikampa daftari. Nikampa na kalamu. Alikaa chini ya mwembe akajumlisha yeye mwenyewe, mara ya kwanza akapata 51, mara ya pili 41, mara ya tatu 41. Akanirudishia daftari bila neno.

Lakini jioni alikuja tena na swali, na swali lake lilikuwa zuri. Aliuliza wale wa Rwanda hufanyaje mtu akiwa nyuma kwa sekunde kama hizo na imebaki siku moja. Nikamweleza kwamba huko hakuna apandaye peke yake. Kila mmoja yumo katika timu ya watu watano au sita, na katika Ufaransa wanane, na timu nzima humtumikia mmoja. Wengine humkatia upepo mpaka mguu wa mlima wa mwisho, humletea maji, na akipata pancha mmoja wao humpa gurudumu lake mwenyewe akabaki kando ya njia. Watu hao huchoka kabisa kisha hufika wa mwisho, na majina yao hayatangazwi. Mashujaa wote niliowataja hapa walikuwa na watu wa namna hiyo mbele yao. Hata Pogačar, siku zile za mbio ndefu, hukaa nyuma ya migongo ya wenzake saa nyingi kabla ya dakika zile chache tunazoonyeshwa. Kaka alifikiri kidogo, akasema, "Basi fundi alinifanya mimi mtumishi wake." Nikasema, "Naam, tena bila mshahara." Akacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu Nyarugusu.

Tangu siku hiyo nimeona mambo mawili. La kwanza, amefunga kishikio cha chupa kwa mpira wa ndani wa zamani, na chupa imo. La pili, jioni mbili nimemwona akipanda pamoja na muuza mkaa, ambaye katika hesabu yangu ni wa mwisho na hana tumaini lolote. Mmoja yu mbele, mmoja nyuma, kisha wanabadilishana. Fundi naye ameyaona, maana Jumatano alikuja kuniuliza, kwa upole wake ule ule, kama sheria za Rwanda zakataza watu wa timu mbili kusaidiana. Nilimjibu kwamba hazikatazi kukata upepo. Aliondoka akiwa amekunja uso.

Jumapili ya tano ni ya Geita hadi Nkome, njia ambayo kaka huipita kila siku na tenga la samaki. Safari hii tenga litabaki nyumbani. Gazeti hili litakapochapwa, mbio zitakuwa zimekwisha, nanyi mtakuwa mmekwisha kujua kama mtamba mwekundu yuko zizini au la. Mimi nimemwomba mwalimu wa fizikia aje na saa yake asimame karibu nami, ili zishikwe mbili.